Jiwe la Jukwaa Jikoni kwa Sikujua

Uwanja mkongwe ulipobomolewa, sheria ilitaka kila nyumba ijengewe ukutani jiwe moja la jukwaa lake, ili mji usizikose zile kelele za mashabiki zilizokuwa zimeganda ndani ya mawe. Jiwe la Sikujua lilikuwa jikoni, nalo lilishangilia kila alipogeuza chapati ikakaa sawa. Alishazoea kupika akishangiliwa.

Jioni moja mumewe, Mshamu, akaingia.

“Nimetoka kazini moja kwa moja, mama Hadija.”

Jiwe likazomea. Lilizomea kwa sauti za maelfu ya watu, na miluzi juu yake.

“Limeharibika hili,” Mshamu akasema.

Sikujua akaepua kikaango. “Hebu rudia, baba Hadija. Umetoka wapi?”

Jiwe likanyamaza, kama uwanja mzima unaposubiri penalti ipigwe.