Swali la Neno Moja

"Umechanja?"

Mwalimu wa hesabu aliuliza huku anatembea. Alikuwa na watu thelathini na wanane wa kupitia kabla kengele ya saa nne haijalia, na asubuhi hiyo alikuwa amegundua jambo: ukimuuliza mtu mzima swali refu atakupa hadithi, ukimuuliza neno moja atakupa jibu. Kadi hakumdai mtu. Watu wazima, alisema, hawakaguliwi kama kucha za watoto.

"Nimechanja," alijibu karani wa ofisi. Vema.

"Nimechanja," alijibu mlinzi kutoka getini. Vema. Wanafunzi walimwita mwalimu huyu Alama ya Vema, si kwa kuwa alizigawa ovyo, bali kwa jinsi alivyozichora: kubwa, nyekundu, zenye mkia mrefu. Jina alilijua na wala halikumuudhi.

Jikoni alifika mbio. Aliruka magome yaliyotapakaa mlangoni, akachungulia ndani ya moshi. Mpishi alikuwa amekaa juu ya ndoo, taulo shingoni, anajisugua bega.

"Umechanja?" aliuliza kwa sauti iliyozibwa na barakoa.

"Mara mbili, mwalimu. Mwezi uliopita, na tena juzi. Huu mkono mpaka sasa haunyanyuki."

"Ni kawaida hiyo. Utapona."

"Aa, mimi nimeshazoea."

Vema, yenye mkia mrefu kuliko zote. Thelathini na wanane kwa thelathini na wanane. Mwalimu mkuu aliibandika orodha ubaoni, akampa mkono, na shule ikaendelea kuwa wazi.

Wiki tatu baadaye darasa la sita lilikuwa na madawati tisa matupu. Walimu na wafanyakazi wengine nao wakaanza kupukutika, na wote walikuwa wamechanja: wa sayansi, wa michezo, kisha karani. Walikaa nyumbani siku nne tano wakipiga chafya, wakarudi wakilalamika kwamba chai haina ladha. Hao hawakumsumbua sana. Aliyemnyima raha ni mpishi. Mpishi alibebwa juu juu kutoka jikoni hadi hospitali, akawekewa oksijeni, na kwa siku kumi hakuna aliyethubutu kusema kama atarudi.

"Si alichanja yule?" mwalimu wa michezo aliuliza katika chumba cha walimu.

"Mara mbili. Ninaye hapa kwenye orodha."

"Basi jamani, sisi tulichomwa maji ya bomba!"

Wenzake waliangua kicheko. Yeye alibaki kuitazama ile alama nyekundu. Ijumaa hiyo mama yake alikuwa na miadi ya kuchanjwa, mama wa miaka sabini na sita, mwenye pumu.

Alipofika nyumbani alimkuta ameshavaa gauni lake la bluu, la kwendea mahali pa maana. Mkoba ulikuwa magotini, na mkono wa kushoto wa gauni alikuwa ameukunja tayari mpaka begani.

"Tutachelewa, mwanangu."

"Leo hatuendi, mama. Kuna mtu kazini alichanja mara mbili na sasa yuko hoi. Wewe na hicho kifua chako... Tusubiri kwanza tuone."

Mama alimtazama kidogo.

"Haya. Msomi ni wewe."

Akaukunjua mkono wa gauni polepole, akafunga kifungo. Mwalimu alijisikia vibaya, akaenda kunawa mikono, ingawa alikuwa ametoka kunawa.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alivua viatu nje na barakoa aliitoa bafuni tu. Chakula alikula peke yake, kiti kikiwa dirishani. Darasani mtoto akikohoa, alisahau hesabu aliyokuwa akiiandika na kuanza kuhesabu vikohozi. Alifanya yote aliyoyajua, na bado wiki ya pili mama alianza kukohoa.

Siku ya nne ya kikohozi, dada yake mkubwa alimchukua mama asubuhi na mapema kumpeleka hospitali. Mwalimu alitaka kufuatana nao, dada akakataa.

"Nenda kafundishe. Wewe hutakaa kitako, utatutia wazimu tu. Wakituruhusu nitakuandikia ujumbe. Nikipiga simu, ujue wamemlaza."

Saa nne alikuwa peke yake katika chumba cha walimu, simu mezani mbele yake, kimya. Mlango ukagongwa. Alikuwa mpishi, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, amesimama mbali kidogo kama mtu aliyeagizwa asikaribie watu.

"Mpishi! Pole, pole sana. Umetutisha!"

"Nimeshapoa, mwalimu. Mwalimu mkuu hayupo, nikaona nikuombe wewe ruhusa. Daktari anasema nikipata nguvu niende nikachomwe ile chanjo."

"Ya tatu?"

"Ya tatu ipi? Ya kwanza."

Mwalimu alicheka, kicheko kisichofika mbali. Akavuta droo, akaitoa orodha, akaweka kidole.

"Angalia. Nilikuuliza mwenyewe, pale jikoni. Ukaniambia umechanja mara mbili, na mkono haunyanyuki."

Mpishi aliitazama ile alama ya vema na mkia wake mrefu. Aliona haya, kana kwamba kosa ni lake.

"Kuni, mwalimu," alisema. "Mimi nilidhani unauliza kuni."

Mezani, simu ilianza kuita.