Kano la Radi

"Usitikisike, Radi," mzee alinong'ona, mkono shingoni pake. "Ukitikisika picha inaharibika, tunaanza moja."

Radi, bingwa wa mbio mara saba, alisimama tuli mbele ya kamera ya mionzi. Asubuhi walimdunga dawa mpya mshipani: vifuko visivyoonekana kwa macho, vilivyotemwa na seli shina, vikavishwa mnururisho kidogo ili kamera ione vinakokwenda. Saa tatu viling'aa mapafuni. Saa sita, kwenye ini. Sasa ni alasiri, na doa dogo limetua mguuni, pale pale kano lilipochanika.

"Vimefika," daktari alisema.

Fundi wa kamera, ambaye Radi alishamvunja mbavu mbili kwa hasira, alipiga makofi ya furaha akiwa mbali.

Mzee hakupiga. Alimlea Radi tangu siku ya kuzaliwa, na furaha ilimjia kweli, ila ilikuta mlango umefungwa. Binti yake naye alichanika kano, kiwandani, mashine isiyo na kinga ilipomnasa mguu. Hospitali ya umma ilimpa bandeji na tarehe. Tarehe ikazaa tarehe. Kamera kama hii waliahidiwa jukwaani na mheshimiwa mmoja, mzee akiwa bado hana mvi. Hata rangi ya shati la mheshimiwa aliikumbuka.

"Daktari, samahani," alisema. "Hiyo iliyobaki kwenye kichupa. Mwanangu ugonjwa wake ni huo huo. Mwaka wa pili huu anaburuta mguu."

"Mzee wangu, hii haigawiwi hivyo."

"Nitasaini popote. Hata dole gumba nitaweka."

Daktari alicheka bila ubaya, na hapo ndipo palipouma. "Iliyobaki inamwagwa. Ndio utaratibu."

"Inamwagwa."

"Sasa? Radi ana mashindano, bosi anasubiri arudi uwanjani. Binti yako ana mashindano gani?"

Fundi akainama kutazama viatu vyake. Mzee alitafuta jibu, akalikuta, akalimeza. Nyumba nzima ilikula kwa kazi hii. Alishika hatamu, akamgeuza Radi taratibu, na kwato zikagonga sakafu njia nzima hadi zizini.