Hatua ya Themanini na Moja

Viatu vilimzidi mtoto kwa vidole viwili. Hawa alisokota vitambaa, akavishindilia mbele, kisha akafunga kamba mafundo mawili. Kwenye mashine ya kutembea hakuna kupanda peku.

"Shikamoo, daktari," mtoto alisema, ulimi ukijivuta.

"Marahaba, bwana mkubwa." Eliya, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyehamia kituoni wiki iliyopita, alimfunga mikanda kifuani na kiunoni, akaining'iniza kwenye chuma cha juu ili isimwache aanguke. Pale kituoni Lushoto watoto wenye mtindio wa ubongo walikuwa wengi, mashine ilikuwa moja. Mtoto asiyeonyesha maendeleo kwa miezi sita alimwachia nafasi anayefuata, na orodha ya wanaosubiri ilikuwa ya miaka miwili.

Leo miezi sita ilikuwa imetimia.

Eliya alifungua kadi, akakuna kichwa. "Mama Bakari, kadi hii inanichosha. Mwezi wa tatu, hatua themanini bila kushikwa mguu. Mkapotea wiki tatu. Aliporudi hajui hata kuinua unyayo, kama hajawahi kuiona mashine!"

"Homa ile, daktari. Ilimmaliza."

"Na kilo tatu zilikwenda wapi?"

"Mtae kuna baridi."

Eliya alicheka. "Baridi inakula kilo? Basi nihamie huko na kitambi changu hiki." Kisha akaacha kucheka. "Akifikisha zile zake themanini, anabaki. Zikipungua, mama, sina la kufanya."

Akabonyeza kitufe. Mkanda ukaanza kusogea chini ya vile viatu, na mtoto akaanza kwenda bila kwenda.

Ndivyo alivyosema Mwanaisha, jirani wa Hawa, mwaka jana bombani, mbele ya watu: "Kilomita zote hizo za basi, mtoto akatembee mahali pamoja asifike popote? Si umwache nyumbani, milima yetu ni ya bure?" Wanawake walicheka. Hawa alijitwisha ndoo yake akaondoka. Kila nyumba ina chumba ambacho mgeni hakaribishwi.

"Thelathini na tisa. Arobaini. Bakari, tazama mbele! Bakari!"

Mtoto aliendelea kutazama dirisha. Hawa alimgusa goti. "Unaitwa wewe." Akageuka.

"Masikio nayo?" Eliya aliuliza.

"Homa, daktari."

Kwenye sitini mguu wa kushoto ulianza kuburuta. Kwenye sabini jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. Midomo ya Hawa ilihesabu kimyakimya, kwa Kishambaa. Sabini na sita. Sabini na saba. Goti likakunjika, mtoto akabaki ananing'inia, na Eliya akanyoosha mkono kuzima.

"Bado!" Hawa alisema, kwa sauti iliyowageuza wazazi wote waliokuwa kwenye benchi.

Mkono wa Eliya ukasimama hewani. Mtoto alimtazama Hawa. Akauma mdomo, akauvuta mguu, akaukanyaga. Sabini na nane. Sabini na tisa. Themanini.

"Inatosha, bwana mkubwa!"

Mtoto akatupa hatua nyingine.

"Mama Bakari," Eliya alisema akipiga mhuri, "huyu mwanao ni mbishi."

"Sana," Hawa alisema. Akaupeleka uso kwenye upindo wa mtandio, akalia kwa muda mrefu kuliko mtu aliyepata habari njema. Eliya, aliyezoea machozi ya mama, alimsogezea kiti.

Basi liliwashusha Mtae jua likiwa limebaki ncha tu. Hawa hakupita barabarani. Alikata njia ya nyuma, kitenge kikiwa kimemfunika mtoto mgongoni hadi kichwani. Mwanaisha alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani tangu alasiri.

"Mama Bakari, wamesemaje?"

Hawa alifungua kitenge, akamshusha mtoto mikononi mwa Mwanaisha. "Mwanao amebaki."

Akamvua vile viatu, akang'oa vitambaa, akapita navyo kwenye migomba hadi kwenye kaburi fupi ambalo majani yalikuwa hayajalishika vizuri. Akachuchumaa.

"Bakari mwanangu," alisema, "Darweshi amekupita kwa hatua moja."