Sahihi ya Fundi Mkuu

Alililamba tofali mara ya tatu, akafumba macho kama anayeonja asali, ili mgeni aone.

"Ulimi ukinata hivi, tofali ni la kale," Mtaalamu alisema. "Miaka mia mbili, haipungui."

Hilo jina la Mtaalamu alijipa mwenyewe, na mkewe akalazimishwa kulitumia. Alikuwa karani mstaafu mwenye matofali makuukuu mia nne na kiburi cha kutosha kuyajengea ghorofa. Yalishajaa sebuleni na kwenye korido. Sasa alikitaka chumba cha mama mkwe wake kiwe ukumbi wa maonyesho. Mgeni, mkaguzi wa makumbusho, akilipokea tofali hili tu kuwa la kale, kikongwe angehamia stoo siku hiyo hiyo. Godoro lake lilikuwa limeshakunjwa mlangoni.

"Umelipata wapi?" mkaguzi aliuliza.

"Nimelichimbua mwenyewe, kwenye gofu moja huko shambani kwa wakwe zangu. Wamelikanyaga miaka yote, hawajui kitu."

"Hukuwauliza?"

"Niwaulize nini? Tofali linajieleza lenyewe. Wale wataropoka tu."

Mama mkwe akaingia na chai.

"Angalia hicho kikombe!" Mtaalamu alimfokea mbele ya mgeni, bila haya hata chembe. "Na hicho kidole chako kilichopinda, umeshanivunjia vikombe viwili!"

"Nisamehe, baba," alisema yule mama, akaanza kumimina polepole.

Mtu mzima kumfokea aliyemzalia mke! Mkaguzi aliona aibu kwa niaba yake, akainamia chai. Mtaalamu hakuona lolote. Alikuwa amelipindua tofali, anaonyesha ubavu wake, ambapo palikuwa na shimo la kidole gumba, limelalia kushoto.

"Sahihi ya fundi mkuu," alisema. "Alikipindisha kidole makusudi, wenzake wasimwige. Nimeandika kurasa arobaini juu ya alama hii peke yake."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akatoa kalamu na fomu ya kupokelea.

Mama mkwe aliweka birika chini. Akafuta mkono kwenye kanga, akainama, akachomeka kidole gumba chake kwenye lile shimo. Kiliingia chote, pamoja na kupinda kwake.

"Tofali la banda la kuku hili," alisema kwa upole. "Tulilijenga nikiwa na mimba ya mkeo ya miezi saba. Na wewe, baba, unalilamba?"