Mbwa Asiyepotea

Safari hii lazima apotee. Mwalimu alizungusha kamba mkononi, akafungua geti polepole lisilie, akatoka na mbwa. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Mwalimu. Mbwa alikuwa wa mkamwana wake, na Mwalimu alimdharau mkamwana kuliko mbwa, ingawa tofauti haikuwa kubwa.

Mwanamke mzima, msomi, anampikia mbwa! Anamchana manyoya, anampeleka kudungwa sindano, anampima uzito kama mtoto mchanga. Na mbwa mwenyewe ni bure kabisa. Aliletwa baada ya ile jioni polisi walipofika getini, mkamwana akalia, mumewe akawashika askari mikono akiwashukuru. Hakuna aliyemweleza Mwalimu kitu, lakini alikuwa amekula chumvi nyingi; alijua ni mambo ya wezi. Haya, wakaleta mbwa wa wezi, na mbwa habweki! Wala halali getini, wanakolala mbwa wa watu wenye akili. Analala mlangoni pa chumba cha Mwalimu, kajinyoosha kama zulia.

Maana yake aliielewa vizuri. Alikuwa amewasikia jikoni wakinong'ona habari za nyumba ya wazee, kisha wakanyamaza alipoingia. Siku chache baadaye mbwa akaja. Walikitaka chumba chake, na mbwa alikuwa ameshaanza kuhamia.

"Mimi na huyu, nyumba haitutoshi," alimwambia mwanawe. "Chagua."

"Mama, mzoee basi. Ukitoka, toka naye."

"Nimekwambia chagua."

"Mbwa akiondoka, mama, tutakuwa hatuna tena la kufanya." Machozi yakamlengalenga. Mwanamume mzima, analilia mbwa.

Wakamletea mbwa hata mwalimu. Mwalimu wa mbwa! Jamaa mmoja mwenye kitambi, filimbi shingoni, aliyekuwa akimpeleka mbwa mbali kidogo na kurudi naye nyumbani. Kesho yake mbali zaidi, na kurudi. Mwalimu, aliyeendesha shule nzima mguu pande mguu sawa, hakuwahi kuona upuuzi wa namna ile.

"Somo lenyewe ndilo hilo?" alimuuliza.

"Ndilo hilo tu, mama. Akilishika, limetosha."

"Shuleni kwangu usingefundisha hata kufagia."

Basi akaamua kuifanya mwenyewe kazi ya kumwondoa mbwa. Mara ya kwanza alimtelekeza mbwa nyuma ya soko, kwenye majani ya kabichi yaliyooza, akajipenyeza katikati ya vibanda na kutokea upande wa pili. Akasimama njia panda kupumzika. Alipumzika sana siku ile, miguu ya uzeeni haina adabu. Kufumba na kufumbua, pua baridi ikamgusa kiganjani. Mbwa akatangulia, akigeuka kila mara kumtazama, na Mwalimu akamfuata nyuma akimsomea orodha ya matusi mpaka getini.

Mara ya pili alimrushia mfupa kwenye stendi ya mabasi na kupotelea katika watu. Mambo yakawa yale yale. Walipofika nyumbani mkamwana alikuwa nje ya geti bila viatu. Akapiga magoti, akamkumbatia mbwa shingoni.

"Ahsante, baba. Ahsante sana."

Anamshukuru mbwa! Mama mkwe kasimama pale pale, miguu imevimba, hata pole hakuna. Mwalimu alisonya, akaingia ndani kutafuta miwani yake, ambayo mkamwana alikuwa ameihamisha tena. Mwanamke yule hakutulia na vitu vya watu. Wiki ile alikuwa amehamisha hata mlango wa choo.

Ndiyo maana safari hii ilikuwa ya kamba. Mbwa anayejua kurudi hatupwi, anakabidhiwa mtu. Walitembea mpaka nyumba zikabadilika na jua likawa kali, na hapo Mwalimu akaona kibanda cha kuziba pancha. Fundi alikuwa amechuchumaa juu ya beseni la maji, akitafuta tundu kwenye mpira.

"Unataka mbwa?"

Fundi akainua kichwa, akamtazama mbwa kwa tamaa. Kibandani mlikuwa na matairi mapya. "Mbona unamtoa, mama? Mbwa kanawiri hivi."

"Hana kazi. Anakula, analala, ananifuata."

"Ana chanjo?"

"Kukushinda wewe."

"Anauma?"

"Huyu? Hata mwizi hambwekei."

Fundi akacheka, akajifuta mikono kwenye suruali, akapokea kamba. Mbwa akakaa chini, macho kwa Mwalimu, wala hakulia. Mwalimu akampa kisogo. Furaha ilimpanda mpaka kooni. Chumba kilikuwa chake sasa, kitanda chake na dirisha lake, na wakitaka kunong'ona jikoni wanong'one mpaka wakauke.

"Lakini mama, mbwa ni jukumu," fundi alisema nyuma yake. "Akiugua au akinishinda, siwezi kumwachilia barabarani tu. Nimrudishe wapi? Unakaa wapi?"

Mwalimu alichekea puani. Swali la mtoto wa chekechea! Akageuka na kunyoosha kidole, kile kile alichokuwa akiwanyooshea wachelewaji pale paredi.

Kibanda kilikuwa kwenye makutano ya barabara tatu. Kidole kikaelekea ya kwanza, kikahamia ya pili, kikarudi. Fundi alisubiri na kamba mkononi, kicheko kikimwisha usoni. Kidole kikaijaribu ya tatu, kisha kikashuka polepole.

"Muulize mbwa," Mwalimu akasema.