Mutoto Anacheza

"Mama, ona! Mutoto anacheza!"

Mwanamke aliyelala kitandani alicheka huku akinyoosha kidole kwenye kioo cha ekografi, mashine ya kuonyesha mtoto tumboni. Kweli, kile kivuli kidogo kilikuwa kikitikisika.

Waridi, mkunga aliyemshikia kifaa tumboni, hakucheka. Wakunga wenzake waliofundishwa mashine hii walishakimbilia Kigoma, akabaki yeye, yuko hoi. Wanawake walimjia kila asubuhi baada ya milio ya risasi, na siku hizi hakuna aliyeuliza kama ni mvulana au msichana. Waliuliza tu kama bado yuko. Huyu alikuwa ameshinda jana kifudifudi chini ya kitanda chake kule mtaani Jabe, tumbo limebanwa sakafuni, wenye bunduki wakipita uani.

Jeli ya kupaka tumboni ilikuwa imekwisha zamani, kwa hiyo walipaka mafuta ya mawese. Yalichuruzika mekundu ubavuni mpaka kwenye shuka.

Waridi alitafuta moyo, ile nukta inayodundadunda katikati ya kivuli. Akautafuta tena, polepole, asiuone. Ndipo alipotazama vidole vyake mwenyewe. Vilikuwa vikitetemeka kwa uchovu, na kifaa alichokibana juu ya tumbo kilitetemeka navyo.

"Nilijua ameshakufa," mwanamke alisema, akifuta machozi. "Kumbe anacheza."

Waridi alikamata mkono wake ulioshika kifaa kwa ule mwingine, akaubana mpaka ukatulia.

Picha nayo ikatulia.

Mwanamke aliitazama kidogo, bado akitabasamu.

"Sasa amelala, mama?"