Manyoya Kwenye Kopo

Tangu watu wakatazwe kutembeleana majumbani, ruhusa ilibaki moja tu. Mnyama akiugua, daktari wa mifugo alikuja mwenyewe, maana mashine zilizohudumia watu zilishindwa kumshika kondoo anayefurukuta.

Ndiyo maana Atupokile, mjane wa huko juu Kitulo, alipomwona kondoo wake akijikuna nguzoni hadi ngozi ikafanya magamba, alifurahi, kisha akaona haya.

Daktari Tweve alifika asubuhi ya ukungu. "Shikamoo, mama." Miaka miwili Atupokile alikuwa hajaamkiwa na mtu aliyesimama mbele yake. Daktari akamdunga kondoo sindano ya upele, akanywa uji, akaahidi kurudi baada ya siku saba kwa sindano ya pili.

"Manyoya ya nguzoni uyachome moto," akasema. "Utitiri wa upele huishi humo hata wiki mbili."

Atupokile aliyachoma yote, isipokuwa kishungi kimoja alichokificha kwenye kopo la majani ya chai.

Upele ulirudi. Ukatibiwa, ukarudi tena. Mara ya nne daktari alipapasa mgongo wa yule kondoo, mtupu, mbavu zikihesabika. Kisha akaketi jikoni na uji wake, akiunywa taratibu mno. Rafuni, unyoya ulikuwa ukichungulia kwenye kifuniko cha kopo. Daktari aliutazama kwa muda mrefu, kisha akamaliza uji.

Mlangoni akageuka.

"Huyu mwache apone, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Unao kondoo wengine?"